Safu Ambayo Haikuwemo Kwenye Jedwali

Kazi yangu ya kwanza katika utafiti wa uhalifu ilikuwa kujaza jedwali. Nilikabidhiwa rundo la hukumu za mahakama, kesi za magendo na dawa za kulevya, na kwa kila hukumu nilitakiwa kujaza safu kumi na mbili: tarehe ya kukamatwa, aina ya mzigo, uzito wake, njia uliyopita, umri wa mshtakiwa, urefu wa kifungo, na kadhalika. Niliifanya kazi hiyo kwa miezi kadhaa na niliipenda. Niliamini kila mstari ninaoujaza unatusogeza mbele.

Hukumu moja sijaisahau. Mzigo ulifichwa ndani ya kontena la bidhaa halali kabisa, na kontena liliingizwa kwa jina la kampuni iliyokuwa na wiki chache tu tangu isajiliwe. Kwenye ukurasa wa pili hakimu alieleza, kwa sentensi moja, kwamba kampuni hiyo ilisajiliwa na mtaalamu mmoja mwenye ofisi na mhuri wake, ambaye alifika mahakamani, akakiri kwamba saini ni yake, akaruhusiwa kwenda. Baada ya hapo hakutajwa tena. Kurasa zote zilizofuata zilimhusu dereva. Dereva alifungwa miaka mingi, nami nikajaza umri wake, uzito wa mzigo wake na idadi ya miaka yake. Nilipotafuta pa kumwandika yule mwenye mhuri, sikupaona. Jedwali halikuwa na safu yake.

Nikaandika kazi yake kwa penseli pembeni mwa karatasi, nikachukua hukumu iliyofuata.

Miaka kadhaa baadaye nilialikwa kwenye kikao cha kupanga vipaumbele vya utafiti kuhusu uhalifu wa kupangwa. Vikao vya aina hii vina utaratibu wake. Watafiti, wapelelezi, waendesha mashtaka na wafadhili wanakutanishwa, kila mmoja anaandika maswali anayoyaona yana uzito kwenye vikaratasi, vikaratasi vinabandikwa ukutani, yanayofanana yanaunganishwa, kisha watu wanapiga kura. Maswali yenye kura nyingi ndiyo yatakayopata fedha kwa miaka kadhaa ijayo. Yaliyobaki ukutani yanakunjwa na kutupwa jioni ile ile. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kile tutakachokijua kesho kuhusu magenge kinaamuliwa namna hii, katika chumba kimoja, kwa siku moja.

Vikaratasi vingi vilihusu bidhaa: njia mpya za kokeini, dawa mpya za maabara, silaha zinazochapishwa kwa mashine, sarafu za kidijitali. Yote ni maswali ya haki. Lakini nilivyoendelea kuutazama ukuta ule ndivyo nilivyoziona zile safu zangu kumi na mbili zikirudi. Tulikuwa tunauliza kuhusu vitu vinavyokamatwa kwa sababu vimeshakamatwa. Vina uzito, vina picha, vina tarehe. Watu wanaoliwezesha genge kuishi baada ya mzigo kukamatwa hawakuwemo.

Karibu yangu aliketi mzee mmoja, mpelelezi mstaafu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema lolote. Wakati wa mapumziko nilimwamkia na kumuuliza ameandika nini. Alinieleza kwamba katika eneo moja alilolisimamia aliwahi kumkamata mkuu wa genge lile lile mara tatu ndani ya miaka tisa, na kila mara alikuwa mtu mwingine. "Mwanangu," akasema, "mara zote tatu niliulizwa ni kilo ngapi. Hakuna aliyeniuliza huyu wa pili alitoka wapi." Ndicho alichokuwa ameandika: mkubwa akikamatwa, anayeshika nafasi anatoka wapi? Kikaratasi chake kilipata kura mbili, yake na yangu.

Naandika makala hii kwa sababu naamini mzee yule alikuwa na swali zito kuliko yote yaliyokuwa ukutani, na nataka kueleza kwa nini.

Tuanze na sheria yenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, uliopitishwa Novemba 2000 na kutiwa saini Palermo, Italia, mwezi uliofuata, unalieleza kundi la kihalifu kuwa ni kundi lenye mpangilio, la watu watatu au zaidi, linalodumu kwa muda fulani, linalotenda kwa pamoja ili kufanya makosa makubwa kwa ajili ya faida ya fedha au mali. Yasome tena maneno hayo. Hakuna kilo ndani yake. Kilichomo ni watu, mpangilio, muda na faida. Ukitaka kujua jinsi ya kulivunja kundi la namna hiyo, maswali yako ya kwanza yalipaswa kuwa kuhusu mambo hayo manne: watu wanaingiaje, mpangilio unashikiliwa na nini, kwa nini linadumu, na faida inakwenda wapi.

Badala yake tunahesabu mizigo. Na mizigo ni kipimo kinachopotosha. Ikiwa mwaka huu zimekamatwa tani nyingi kuliko mwaka jana, huenda magendo yameongezeka, huenda forodha wamenunua mashine mpya za kukagua makontena, huenda kuna mtu mmoja aliyetoa habari kwa sababu ya ugomvi. Kwa takwimu hizo peke yake huwezi kujua ni lipi kati ya hayo.

Swali la mzee lina historia ya damu. Pablo Escobar, mkuu wa genge la kokeini la Colombia, aliuawa mjini Medellín tarehe 2 Desemba 1993, na picha zake juu ya paa zilizunguka dunia nzima. Kokeini haikukatika. Biashara ilielemea kwa kundi la Cali, mji mwingine wa Colombia, na viongozi wa Cali walipokamatwa mwaka 1995 ikagawanyika kwa makundi madogo ambayo hata majina yake hayakujulikana sana. Meksiko ilipeleka jeshi mitaani kuanzia Desemba 2006, na kwa miaka mingi mkakati ukawa kuwaondoa wakubwa. Wengi waliondolewa. Makundi makubwa yakapasuka, vipande vikaanza kupigana vyenyewe kwa vyenyewe, na idadi ya waliouawa ikapanda. Hasemi mtu kwamba wakubwa waachwe. Lakini nchi ilitumia nguvu zote hizo kabla mtu hajachunguza vya kutosha nini hutokea siku ya pili baada ya mkubwa kuondoka.

Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti uliojaribu kulijibu swali hilo kwa hesabu. Watafiti walichukua takwimu za Meksiko za mauaji, watu waliotoweka na waliofungwa, wakajenga modeli ya namna makundi yanavyokua na kupungua. Walikadiria kwamba mwaka 2022 makundi hayo yalikuwa na watu kati ya 160,000 na 185,000, na kwamba ili yasisambaratike yalihitaji kuingiza watu wapya kama 350 hadi 370 kila wiki. Kisha wakajaribu njia mbili kwenye hesabu zao. Ukiongeza maradufu watu wanaofungwa, umwagaji damu bado unaendelea kupanda hadi mwaka 2027. Ukipunguza kwa nusu wanaoingia, unashuka. Serikali ya huko iliyakataa makadirio hayo, na wataalamu wengine walihoji namna idadi hiyo ilivyopatikana, jambo ambalo ni la kawaida kwa modeli. Kwangu mimi thamani ya utafiti ule ni kwamba mtu hatimaye aliuliza kuhusu mlango wa kuingilia, akakuta nyuma yake kuna giza, na akalionyesha hilo giza kwa namba.

Kwa sababu hatujui mengi kuhusu kuingia. Karibu kila tunachokijua kinatoka kwa waliokwisha ingia: wafungwa, waliotubu, walioshtakiwa. Tunawahoji utoto wao, tunakuta umaskini, baba asiyekuwepo, shule iliyokatishwa, kisha tunaandika kwamba hizo ndizo sababu. Lakini nenda kwenye nyumba hiyo hiyo. Kuna ndugu wa tumbo moja, amelala chumba kimoja na yule aliyeingia, amekula njaa ile ile, amefuatwa na watu wale wale, akakataa. Huyo hatumhoji. Hana faili, hana namba ya kesi, hayumo kwenye jedwali lolote. Kama ningepewa fedha za utafiti mmoja tu, ningezitumia kwa walioombwa wakakataa: walimwambia nini aliyewafuata, nani alisimama nao, ilichukua muda gani kabla ya kuachwa kwa amani, na kama waliachwa kwa amani.

Kuna kipimo kingine kinachonitia wasiwasi zaidi ya kilo, nacho ni maiti. Mauaji yakipungua tunapumua. Lakini tazama São Paulo, Brazil. Kundi linalojiita PCC lilianzia gerezani Taubaté mwaka 1993, na Mei 2006 liliweza kuufunga mji ule mkubwa kwa mashambulizi yaliyopangwa kutoka ndani ya magereza. Katika miaka hiyo hiyo mauaji katika jimbo la São Paulo yalikuwa yakishuka sana. Wapo wanaosema ni kazi ya polisi, wapo wanaosema ni sheria ya silaha ya mwaka 2003, wapo wanaosema vijana walipungua. Na wapo watafiti walioishi katika vitongoji hivyo wanaosema kwamba kundi lenyewe lilipiga marufuku kuua bila ruhusa, na likawa na mabaraza yake ya kusikiliza kesi. Ikiwa hata sehemu ya maelezo hayo ya mwisho ni kweli, basi utulivu ambao serikali inautangaza kama ushindi unaweza kuwa dalili ya genge lililokwisha kuutawala mtaa. Tunahitaji kipimo cha utawala wa genge kisichosubiri mtu afe. Nani anasuluhisha ugomvi hapa? Nani anaamua mlango ufungwe saa ngapi? Mtu akiibiwa, anakwenda kwa nani kwanza?

Hayo ni maswali magumu kuuliza, maana aliye chini ya genge hawezi kumjibu mgeni mwenye dodoso. Libero Grassi alikuwa na kiwanda cha nguo Palermo. Januari 1991 alichapisha barua gazetini akimwambia aliyekuwa akimdai fedha za ulinzi, yaani fedha ambazo mafia huwatoza wafanyabiashara kwa vitisho, kwamba hatalipa. Wafanyabiashara wenzake wengi walimkwepa, na tarehe 29 Agosti mwaka huo alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake. Baada ya hapo, ungepita na dodoso lako dukani ukauliza, "Je, unalipa fedha za ulinzi?", ungejibiwa hapana, na ungerudi ofisini ukaandika kwamba tatizo ni dogo.

Zipo njia za kuuliza bila kumweka mtu hatarini, na nazipenda kwa sababu zinamheshimu anayeogopa. Mojawapo ni hii. Unawagawa wahojiwa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza unalisomea orodha ya mambo manne ya kawaida ya biashara, unawauliza ni mangapi yamewapata, bila kutaja ni yapi. Kundi la pili unalisomea orodha ile ile, ukiongeza la tano: kudaiwa fedha za ulinzi. Nao wanataja idadi tu. Hakuna aliyekiri chochote, hata anayehoji hajui nani alilipa, lakini tofauti ya wastani kati ya makundi mawili inakupa makadirio ya wanaodaiwa. Haigharimu kama ndege zisizo na rubani, na inatupa habari ambayo kamera haiwezi kuiona.

Kuhusu teknolojia nitasema kidogo. Polisi wa Ufaransa na Uholanzi walipotangaza Julai 2020 kwamba wameingia ndani ya mtandao wa simu za siri wa EncroChat, mamilioni ya ujumbe wa wahalifu yalikuwa mikononi mwao, na tangu hapo watafiti wengi wanataka kuyasoma. Wayasome. Ila wasisahau kwamba wanawasoma waliokuwa na simu hizo za bei ghali, na aliyekuwa akisimamia mambo yake ana kwa ana hayumo.

Narudi kwa mwenye mhuri, kwa sababu ndiye ninayemfikiria mara nyingi. Mwaka 2011 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilikadiria kwamba fedha haramu zilizotakatishwa mwaka 2009 zilifikia takriban dola trilioni 1.6, yaani asilimia 2.7 ya pato la dunia nzima, na kwamba zilizokamatwa hazikufika hata asilimia 1. Makadirio hayo ni ya zamani na bado yananukuliwa kila mahali, nalo hilo linaeleza jinsi swali hili linavyopata fedha kidogo. Trilioni haziingii benki zenyewe. Kuna mtu anafungua kampuni hewa, mtu anaandaa mahesabu, mtu anaweka saini ya kununua jengo. Wengi wao hawajawahi kugusa silaha.

Giovanni Falcone alilielewa hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa hakimu mchunguzi Palermo, alidai benki zimletee kumbukumbu za kubadilisha fedha za kigeni, akakaa na marundo ya hundi akifuatilia nani alimlipa nani. Pio La Torre, mbunge wa Italia, alipendekeza sheria ya kulifanya kundi la kimafia lenyewe kuwa kosa na kuruhusu mali zake zitaifishwe. Aliuawa tarehe 30 Aprili 1982, na sheria ikapitishwa Septemba mwaka huo, siku chache baada ya Jenerali Dalla Chiesa, aliyepelekwa Palermo kupambana na mafia, naye kuuawa. Ndiyo sheria iliyoibeba kesi kubwa ya Palermo ya mwaka 1986 na 1987, ambapo zaidi ya watu 300 walitiwa hatiani. Falcone mwenyewe aliuawa kwa bomu barabarani Capaci tarehe 23 Mei 1992. Watu hawa walikufa kwa sababu walihama kutoka kwenye bastola kwenda kwenye hundi.

Na mlango wa hundi unafungwa tena. Mwaka 2016 nyaraka milioni 11.5 zilizovuja kutoka kampuni ya sheria huko Panama ziliwaonyesha watu wa kawaida jinsi kampuni hewa zinavyouzwa kama bidhaa. Nchi za Ulaya zikaanza kufungua daftari za wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni. Tarehe 22 Novemba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kuziweka wazi kwa kila mtu kunakiuka haki ya faragha, na nchi kadhaa zikafunga daftari zao. Faragha ni haki, silipingi hilo. Lakini mtafiti anayetaka kujua ni ofisi ngapi zinazosajili kampuni za magendo sasa anaomba kibali, anaeleza sababu, anasubiri. Kwenye ukuta wa kikao chetu hakukuwa na kikaratasi kimoja kuhusu hilo.

Watu wakiniuliza swali zuri la utafiti linafananaje, huwasimulia habari ya pembe za ndovu. Kwa miaka mingi kila shehena iliyokamatwa ilipimwa uzito, ikapigwa picha, ikafungwa ghalani. Timu ya Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington ikauliza jingine: pembe hizi zilitoka wapi, na je, shehena hizi zinajuana? Kwanza walikusanya vinasaba kutoka kwenye kinyesi cha ndovu sehemu mbalimbali za Afrika ili wapate ramani ya asili yao. Kisha wakaingia maghalani. Walizipanga pembe sakafuni, wakalinganisha kipenyo cha shina, rangi, na alama ya mahali pembe inapotoka kwenye ufizi, ili wajue zipi ni pacha, wasipoteze vipimo kwa ndovu mmoja mara mbili. Nyingi hazikuwa na pacha. Kwa baadhi yake, pacha ilikuwa kwenye shehena nyingine, iliyokamatwa bandari nyingine. Ndovu mmoja, pembe mbili, makontena mawili. Mara nyingi makontena hayo yaliondoka mahali pamoja kwa nyakati zinazokaribiana, na hivyo nyuma yake kulikuwa na mkono mmoja. Mwaka 2018 walichapisha matokeo yaliyoelekeza kwenye mitandao mitatu mikubwa ya kusafirisha, iliyokuwa ikitumia Mombasa, Entebbe na Lomé huko Togo. Kesi zilizoonekana kuwa za watu wadogo wadogo zikaanza kuonekana kama tawi la mti mmoja.

Pembe zilikuwa zile zile. Ghala lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni safu ya jedwali.

Kitu kimoja zaidi, nacho kinanigusa kwa karibu kwa sababu nimewahi kumwahidi mtu siri. Chuo cha Boston kilirekodi mahojiano na waliokuwa wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini kati ya mwaka 2001 na 2006, kwa ahadi kwamba hayatafunguliwa wakiwa hai. Mwaka 2011 zilikuja hati za mahakama, na sehemu ya kanda ikafika kwa polisi. Yeyote anayeweka vipaumbele kuhusu magenge anapaswa kuandika, kabla ya swali la kwanza, kwamba hatuahidi siri tusiyoweza kuilinda kisheria, na kwamba fedha za kumlinda anayehojiwa ni sehemu ya bajeti kama ilivyo tiketi ya ndege. Ján Kuciak, mwandishi wa habari, aliuawa Slovakia pamoja na mchumba wake Februari 2018 akichunguza ulaghai wa fedha. Javier Valdez, naye mwandishi wa habari, aliuawa Culiacán, Meksiko, Mei 2017. Wasaidizi wa utafiti, wale wanaokwenda mlango kwa mlango, hawana hata majina makubwa ya kuwalinda.

Baada ya kile kikao niliomba ruhusa ya kurudi kwenye zile hukumu za zamani. Zilikuwa bado kwenye maboksi, na karatasi zangu zilikuwa ndani, maandishi ya penseli yakisomeka kwa shida. Niliongeza safu ya kumi na tatu: nani alisajili kampuni, nani alithibitisha saini. Inachosha, kwa sababu mara nyingi habari hiyo iko kwenye kiambatisho au kwenye sentensi moja tu ya ushahidi. Siku ya tatu nilifungua faili la kesi isiyohusiana kabisa na ile ya dereva, mzigo tofauti, mwaka tofauti, washtakiwa tofauti. Kwenye kiambatisho kulikuwa na mhuri wa ofisi ile ile. Nikaukuta tena kwenye faili jingine wiki iliyofuata.

Sijui bado una maana gani. Huenda ofisi ile inasajili kampuni nyingi sana, nzuri na mbaya, na hizi ni chache zilizoangukia mahakamani. Ndiyo maana nahitaji kuhesabu zote. Kikao kijacho kimepangwa, nami nimempigia simu yule mzee. Amekubali kuja, na safari hii tumeandika maswali yetu mawili kwenye karatasi moja.